Matundu Sita, Moto wa Tundu Moja

Fundi aliyejenga nyumba tunayopanga Tabata alikuwa na imani moja kuhusu binadamu: kwamba kila chumba kitakaliwa na mtu mmoja, na mtu huyo atamiliki redio. Akaweka soketi moja kila chumba. Ya chumbani kwetu aliiweka mahali pekee ambapo kabati linaweza kukaa, kwa hiyo ukitaka kuchomeka kitu sharti uvute kabati, ulale kifudifudi, uingize mkono mpaka begani na upapase. Mke wangu anasema yule fundi alikuwa na kisasi. Mimi namtetea. Alijenga zamani, enzi za simu ya mezani, na hakuna aliyemnong'oneza kwamba siku itafika hata mswaki wa mtu utahitaji umeme.

Sasa sikiliza orodha ya jioni sebuleni kwetu. Kuna simu yangu, Infinix yenye betri kubwa na mwenyewe mwenye wasiwasi. Kuna simu ya mke wangu, iPhone ya siku nyingi yenye mdomo wa peke yake, ule mwembamba ambao Apple waliuanzisha mwaka 2012 na kuuacha walipotoa iPhone 15 mwaka 2023. Haiazimi waya wa mtu na waya wake hauazimwi. Kuna kishikwambi cha binti yetu, ambacho rasmi ni cha masomo. Kuna kompyuta mpakato ya shemeji yangu anayesoma chuo, inayokula umeme kuliko vyote, na mwenyewe kwenye chakula naye hayuko nyuma. Kuna powabanki, spika, mashine ya kunyolea, na taa ya chaji ya kutusaidia umeme ukikatika. Mama mkwe akija kutoka Korogwe huja na kitochi chake. Kitochi kile kinakaa na chaji wiki nzima, lakini lazima kichomekwe usiku uleule aliofika, maana anasema safari imekichosha.

Soketi ya sebuleni imebeba ekstensheni yenye matundu manne. Moja ni la friji, moja la televisheni. Mawili yaliyobaki ndiyo siasa ya nyumba hii.

Halafu kuna suala la miguu. Soketi zetu, kama za majirani zetu wa Kenya, ni za mtindo wa Kiingereza: matundu matatu ya mstatili, na lile la juu lina kazi maalumu. Mguu mrefu wa plagi unaingia hapo kwanza, unasukuma vifuniko vya matundu mawili ya chini, ndipo miguu mingine ipite. Ni ulinzi uliobuniwa ili mtoto asichokoe umeme kwa msumari. Kisha zikaja chaja za miguu miwili, na taifa zima likagundua kwamba kalamu ya wino inaenea vizuri kabisa kwenye tundu la juu. Nyumbani kwetu kalamu inaishi pale. Binti yetu akiambiwa alete kalamu aandike kazi ya shule, haendi kwenye begi, anakwenda ukutani. Na mtoto ambaye vifuniko vile viliwekwa kwa ajili yake ndiye anayejua kuvifungua kuliko sisi wote.

Shemeji ndiye aliyeleta amani, au alichodhani ni amani. Alikuwa kwenye daladala, foleni ya Ubungo, machinga akapitisha mkono dirishani na chaja yenye matundu sita. Ilikuwa nyeupe, na ikichomekwa inawaka taa ya bluu ambayo inamulika mpaka darini. Juu yake imeandikwa "120W" kwa herufi ambazo hata mama mkwe angezisoma bila miwani. Shemeji akanunua huku gari linaondoka, noti ikakimbia na machinga, chaja ikakimbia na shemeji, na hakuna aliyeweza kumuuliza mwenzake swali.

Jioni ile tulichomeka kila kitu. Tulikaa kuitazama ile taa ya bluu, tukapongezana. Mke wangu alikwenda kulala mapema, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu ugomvi wa chaji uanze. Alfajiri simu yake ilikuwa imepanda kutoka asilimia tisa hadi ishirini na tatu. Kishikwambi kilikuwa palepale. Kompyuta ilikuwa imeshuka, kwa sababu shemeji aliiacha imewashwa akiamini inachajiwa, nayo kwa upande wake ilikuwa imeandika pembeni ya kioo kwamba haichajiwi, ila kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza.

Niliigeuza ile chaja. Chini yake, kwa maandishi ya kijivu juu ya plastiki nyeupe, palikuwa na ukweli wote: volti 5, ampea 2. Ukizidisha unapata wati 10. Zile 120 za mbele zilikuwa pambo, sawa na taa ya bluu. Wati 10 kwa jumla, si kwa kila tundu. Matundu sita ni mikono sita kwenye sinia moja la pilau. Kuongeza mikono hakuongezi wali. Kila kifaa kilikuwa kinapata chini ya wati mbili, na hapo ndipo historia inapochekesha, maana tundu la USB lilizaliwa mwaka 1996 kwa ajili ya kibodi na kipanya, baadaye likazoeleka kutoa wati mbili na nusu. Yaani kompyuta ya shemeji, inayohitaji wati 65, ilikuwa inapewa mgao mdogo kuliko wa kipanya.

Lakini kuchaji polepole si kosa la kumfukuzisha mtu nyumbani. Kilichoifukuzisha chaja ile ni harusi.

Binamu yangu alikuwa anaoa, na kama ilivyo ada kukawa na kundi la WhatsApp, na kundi likawa na kamati, na kamati ikawa na katibu, ambaye ni shangazi yangu. Shangazi alikuwa amejifunza kutengeneza kura kwenye simu. Akaweka: nani atachangia elfu hamsini, nani laki, nani laki tatu, gusa mahali pako. Mimi nilikuwa mtu wa hamsini. Nilikuwa sijagusa bado, nangoja kuona wenzangu wanaangukia wapi, nikaweka simu pembeni ikiwa imechomekwa kwenye ile chaja, nikatazama taarifa ya habari.

Nikasikia simu inabofyabofya. Nilipoangalia, ilikuwa inajiendesha. Ilifungua kamera ikaifunga. Ilifungua kikokotoo ikaandika saba nyingi. Ilirudi kwenye kundi, ikapanda juu, ikashuka, ikasimama kwenye kura, na mbele ya macho yangu ikagusa laki tatu.

Sikuwa nimerogwa. Kioo cha simu kinajua umekigusa kwa kuhisi badiliko dogo sana la umeme kidole kinapokaribia. Chaja nzuri inautuliza umeme wa ukutani kabla haujafika kwenye simu; chaja mbovu inauachia upite na fujo zake, na zile fujo kioo kinazisikia kuwa ni vidole. Ukichomoa waya mapepo yanatoka papo hapo. Nilichomoa, nikaondoa kura yangu, nikahema. Tayari shangazi alikuwa ameandika: "Mwenyezi Mungu akuzidishie mwanangu, marehemu kaka yangu angefurahi." Chini yake watu kumi na wenzao wakaweka mikono ya dua.

Nikaandika kwamba ilikuwa chaja. Shangazi akajibu kwamba ameishi miaka mingi na amesikia visingizio vya michango vya kila namna, hiki ni kipya na kinastahili pongezi, lakini jina lilionekana. Nililipa kwa awamu tatu. Kwenye ukumbi waliniweka meza ya mbele, karibu na spika, nikala wali wa laki tatu nikiwa sisikii kitu.

Chaja ile niliipeleka kwa fundi simu wa pale kona, si kwa kutengenezwa, kwa uchunguzi. Akaifungua kwa bisibisi na dharau. Ndani kulikuwa na kibao kidogo kimejibanza pembeni, na nafasi iliyobaki ingetosha panya kuzalia. Matundu yote sita yalikuwa yameungwa kwenye nyuzi mbili zilezile. "Kaka, hii ni chaja ya simu moja imevaa koti la sita," akasema. Kisha akanionyesha jambo ambalo halikuchekesha: sehemu inayopokea volti 230 za ukutani na sehemu inayokwenda kwenye simu zilikuwa zimekaribiana kiasi cha unywele. Kwenye kitu cha namna hiyo, tone la maji au joto la siku moja linatosha kuunganisha ukuta na sikio la mtu anayeongea na simu huku inachaji. Nikamwachia aitupe. Aliichomoa ile taa ya bluu akaibakiza.

Tangu hapo nikawa msomaji wa maandishi ya chini. Nawashauri watu wote wenye macho mazuri wajiunge, kwa sababu huko ndiko kuna utamu. Chaja ya siku hizi na simu vinazungumza kabla ya kupeana chochote. Ukichomeka waya wa Taipu C, chaja inasema: nina volti 5, nina 9, nina 15, nina 20, na ampea zangu ni hizi. Simu inachagua. Kompyuta inachagua 20. Lugha hii ndiyo inayoandikwa PD kwenye maboksi, na tangu mwaka 2021 kanuni zake zinaruhusu mpaka wati 240, ingawa nyumbani kwetu hakuna kitu cha kula wati 240 isipokuwa shemeji tukimpa waya. Shida ni kwamba wapo watengenezaji wenye lahaja zao. Oppo ana yake, Huawei ana yake, na simu zao zikikutana na chaja ya watu wengine hurudi kwenye mazungumzo ya kawaida na kuchaji taratibu. Simu haijaharibika wala chaja si mbovu, ila hawajaelewana lugha.

Waya nao una maneno yake. Waya wa Taipu C wa kawaida hubeba mwisho ampea 3, yaani wati 60. Ukitaka zaidi, lazima uwe na kijipande cha elektroniki ndani ya kichwa chake kinachoitambulishia chaja kwamba mimi naweza. Usipokuwa nacho, chaja ya wati 100 inatoa 60 na kunyamaza. Watu wengi wanalaani chaja kwa dhambi za waya.

Nilikwenda Kariakoo siku ya kazi, asubuhi, kabla ya watu na jua. Kijana wa duka la kwanza aliniita bosi, wa pili akaniita mzee, nikabaki kwa wa kwanza.

"Bosi, hii OG kabisa. Matundu manane."

"Jumla yake wati ngapi?"

"Hii ni fasti, bosi. Inajaza kabla hujakaa."

"Naomba nisome chini."

Akanipa, na kwa heshima akanimulikia na simu yake. Volti 5, ampea 3.1. Wati kumi na tano na ushee kwa matundu manane. Nikamuuliza zile 200 za kwenye boksi zimetoka wapi. Akatazama boksi, akanitazama mimi, akasema kwa unyofu uliomfanya nimpende: "Hizo zimetoka nazo China." Kisha akanionyesha alama ya CE, kama mtu anayeonyesha hati ya nyumba. Alama ile, kwa wasiojua, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa yake inafuata kanuni za Ulaya. Kwa mtengenezaji mwenye haya ina maana kubwa. Kwa asiye na haya gharama yake ni wino.

Duka nililonunua lilikuwa la mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa anakunywa chai na hakuniita jina lolote. Nilipouliza wati aliniuliza: za kuchaji nini? Hilo ndilo swali, na nilikuwa nimezunguka mtaa mzima bila kuulizwa. Nikamtajia orodha ya sebule. Akatoa chaja ndogo kuliko kiganja, ya wati 100, ina matundu matatu ya Taipu C na moja la zamani lile pana. Nikasema ni ndogo mno. Akanionyesha herufi GaN: ndani kuna galiamu nitraidi badala ya silikoni ya kawaida, inawasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa na kupoteza kidogo kama joto, ndiyo maana umbo limepungua. Ilikuwa ndogo lakini nzito, na uzito ule ulinipa moyo kuliko herufi zote.

"Na hizi 100 si za kila tundu," akasema kabla sijajidanganya. Akafungua karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Hiyo karatasi ndiyo chaja yenyewe. Plastiki ni bahasha. Inasema tundu la juu likiwa peke yake linapata zote 100. Wakiwa wawili, la juu 65, la pili 30. Wakiwa wengi zaidi, la juu linabaki na 65 zake, wengine wanagawana makombo. Chaja nyingine zinagawa 45 na 20, nyingine zinagawa sawasawa na kumwacha kila mtu na njaa. Nilimuuliza kwa nini ninunue yenye tundu la zamani wakati dunia inahamia Taipu C, hata Ulaya tangu mwisho wa mwaka 2024 simu mpya zote lazima ziwe nalo. Akanywa chai. "Chukua tu. Utanikumbuka."

Miguu yake ilikuwa mitatu, ya mstatili. Bei nilimwomba airudie, akairudia bila kupunguza.

Nyumbani nilisoma ile karatasi mbele ya familia nzima, kwa sauti, kama tangazo la kikao. Tundu la juu, kompyuta. La pili, simu zenye haraka. La tatu, powabanki na spika kwa zamu. Lile pana, iPhone ya mama na kitochi cha bibi. Kalamu ikarudi kwenye begi la shule, binti akailalamikia kuwa kubwa kuliko alivyoizoea.

Kilichokuwa hakijaandikwa vizuri kwenye karatasi ni tabia moja ya chaja za namna hii. Kila kifaa kipya kinapochomekwa, chaja inawakatia wote kwa sekunde moja, inapiga hesabu upya, kisha inawarudishia kwa viwango vipya. Kimya cha sekunde moja, na halafu kila kitu kinatoa mlio wake wa kuanza kuchaji: ting ya simu, dong ya kishikwambi, king'ora kidogo cha spika. Maana yake ni kwamba hakuna tena mtu wa kuiba chaji usiku. Binti yetu alinyata saa sita kutaka kuhamisha kishikwambi tundu la juu. Sebule nzima ikapiga kengele. Mama mkwe akaamka akadhani ni adhana.

Na umeme ulipokatika, tukaikimbilia taa ya chaji, tukakuta imezimika. Ilikuwa imelala siku nzima kwenye tundu la Taipu C, kwa waya mzuri wa Taipu C pande zote mbili. Haikupokea hata chembe. Tulikaa gizani shemeji akinieleza kwamba nimeuziwa chaja mbovu kwa bei ya mbuzi, na sauti yake ilikuwa na raha ndani yake. Kumbe tatizo lilikuwa la taa. Ili tundu la Taipu C litoe umeme, kifaa kinatakiwa kiwe na vipande viwili vidogo sana vinavyoitwa vikinza, vya kubisha hodi. Watengenezaji wa taa, redio na feni za bei rahisi huviacha ili kubana matumizi. Chaja nzuri isipobishiwa hodi haifungui. Lakini tundu la zamani, lile pana, halina utaratibu huo. Linatoa volti 5 kwa yeyote anayekuja. Niliichomeka pale umeme uliporudi, ikawaka. Nilimkumbuka yule mama na chai yake.

Tabu kubwa haikutoka kwenye umeme. Ilitoka kwenye hesabu ya umeme. Nyumba yetu ina wapangaji wanne na mita moja ya LUKU, tunachanga sawa, na kila uniti zikiisha mapema hutafutwa mchawi. Mama mwenye nyumba, anayekaa chumba cha uani, alipita sebuleni kwetu akaona nyaya zinatoka kwenye ukuta kwenda pande zote. Jioni akaitisha kikao.

"Baba, nakuheshimu," akaanza, na wapangaji wote wakajua siheshimiwi. "Lakini hiyo mashine yako ina midomo minne. Sisi wengine tuna mdomo mmojammoja."

Nikaleta karatasi na ile kalamu. Betri ya simu kubwa, nikaeleza, ya miliampea-saa 5,000, inabeba kama wati-saa 19. Weka na zinazopotea njiani, ifanye 25. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Kwa hiyo uniti moja inajaza simu kubwa mara 40. Chaja yenyewe ikikaa tupu ukutani mwaka mzima haimalizi hata uniti tatu. Lakini pasi ya wati 1,000 ikishika moto mfululizo kwa saa moja imekwishakunywa uniti nzima. Sikumtazama mtu niliposema pasi. Haikuhitajika. Vichwa vyote viligeuka kwa mpangaji wa chumba cha mbele, anayefanya kazi benki na kunyoosha mashati yake kila alfajiri mpaka kola inakata. Kikao kikahamia kwake na kikadumu huko.

Mama mwenye nyumba alibaki ameishika karatasi yangu. "Kwa hiyo simu hailipi kitu."

"Karibu na bure, mama," nikasema, nikiwa nimelewa ushindi.

Siku iliyofuata akaja na simu mpya. Samsung, kubwa, kaletewa kutoka Muscat na mwanawe wa kiume. Lakini alikuwa na huzuni. Boksi lilifika na waya tu, kichwa cha chaja hakimo, na aliyelibeba ni mtoto wa kaka yake, na tangu siku hiyo kijana hajapewa hata chai kwa sababu amemwibia shangazi yake kichwa. Nikamketisha. Nikamweleza kwamba Apple waliacha kuweka kichwa ndani ya boksi mwaka 2020, na Samsung wakafuata Januari 2021 kwa simu zao za daraja la juu, wanasema ni kwa ajili ya mazingira. Hakuna aliyeiba.

Alifikiri sana. "Yaani wameiba wenye kampuni."

"Tuseme hivyo, mama."

Kijana akasamehewa, akaitwa kuja kula. Nami nikaichomeka ile Samsung kwenye chaja yetu kwa ukarimu, kwa tundu la pili, na ikaandika kwenye kioo kwamba inachaji kwa kasi. Mama mwenye nyumba alisoma, akakaa kuitazama inavyopanda, akamwita kila mpangaji aje kuona. Niliona wazi uso wa shemeji ukibadilika, lakini sikuelewa alichokiona mapema kuliko mimi.

Sasa simu ile inaletwa kila jioni na mjukuu wake, mtoto wa darasa la pili asiyejua kupunguza ujumbe. Jana alikuta shemeji ana kazi ya chuo ya kuwasilisha usiku uleule, kompyuta iko tundu la juu, betri imebaki kidogo.

"Shikamooni. Bibi kasema iwekwe la juu, hilo lenye 65."

"Mwambie bibi la pili linatosha," shemeji akasema. "Simu yake haiwezi kula zaidi ya hapo."

Mtoto akatoka. Akarudi.

"Bibi kasema nyumba ni yake, tundu la juu ni lake. Na kasema kodi ya mwezi huu hajamwona kaka huyu akiilipa, kwa hiyo anyamaze."

Shemeji akachomoa.